Riwaya ya upelelezi wa wakati wa vita: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

MsomajiUsiku: Wakuu, kesho kutwa naagiza kitabu na nimekwama kwenye vitatu: Clark and Division cha Naomi Hirahara, Hart's War cha John Katzenbach na A Blind Goddess cha James R. Benn. Vyote ni vya upelelezi, vyote vinatupeleka mwaka 1944, na vyote vimejaa ubaguzi wa rangi. Hela inatosha kimoja tu. Nielekezeni.

JaladaGumu: Ni cha nani, mkuu? Chako, zawadi, au cha kikundi? Na mfululizo unauvumilia? Maana hicho cha Benn ni cha nane katika visa vya mpelelezi Billy Boyle. Halafu hujasema kama unamtafuta muuaji au unataka kuvijua vita vyenyewe. Bila hayo tutakupigia ramli.

BintiMaktaba: Clark and Division, usijiulize mara mbili. Familia ya Wamarekani wenye asili ya Japani inaachiliwa kutoka Manzanar, kambi ambamo serikali ya Marekani iliwafungia watu kama wao wakati wa vita, na kuhamia Chicago. Dada mkubwa, Rose, ametangulia. Wanafika na kuambiwa amegongwa na treni jana yake, na wakubwa wameshaamua kwamba alijiua. Mdogo wake, Aki, hakubali. Jina la kitabu ni la stesheni aliyofia. Kilichonishika ni kwamba Aki si askari wala si mpelelezi, na serikali iliyomfungia bila kesi ndiyo hiyo hiyo anayotakiwa kuipelekea malalamiko. Watu wapatao 120,000 walihamishwa kwa nguvu baada ya amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, wengi wao raia wa kuzaliwa. Humo ndani utawaona mmoja mmoja, na vyumba vyao vya kupanga.

Mzee wa Kurasa: Dada, nakuheshimu, ila kile kinatembea kama konokono. Achukue Hart's War. Kambi ya wafungwa wa kivita, Ujerumani. Rubani mweusi, Lincoln Scott, anashtakiwa kwa kumuua Mmarekani mwenzake, mzungu. Anayemtetea ni Tommy Hart, ambaye vita vimemkatizia masomo ya sheria. Yaani Wajerumani wanasimama pembeni wakiwatazama adui zao wakibaguana wenyewe kwa wenyewe! Ni kinene kama tofali, nakubali.

BintiMaktaba: Konokono anafika, Mzee.

Chumvi: Chochote utakachochukua, nunua kipya. Mimi niliagiza Snow Falling on Cedars cha David Guterson, cha mtumba. Mvuvi amekutwa amekufa kwenye wavu wake mwenyewe, na anayeshtakiwa ni Kabuo Miyamoto, Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyepigana upande wa Marekani huku ndugu zake wakiwa kambini. Nyuma ya yote kuna ugomvi wa shamba la stroberi. Basi, mwenye kitabu wa kwanza alikuwa mtu wa penseli. Kurasa za mwanzo anapigia mstari maneno matamu tu, nikasema huyu mwenzangu. Baadaye akaanza kugombana na mashahidi: "uongo!", "umesahau theluji?" Nikawa nacheka peke yangu. Sijafika hata katikati, nafungua ukurasa na kukuta mshale, na pembeni ameandika yote: nani alifanya nini, na kesi inaishaje. Nilikifunga, nikakificha miezi mitatu nikidhani nitasahau. Wapi! Majina ya watoto wa jirani nayasahau, lile limeganda. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwamba tangazo lilisema wazi: "kina maandishi kidogo."

MsomajiUsiku: Pole sana. Sasa aliandika nini?

JaladaGumu: CHUMVI USIJIBU.

Kalamu_Kavu: Samahani, lakini kesi ya kile kitabu ni ya mwaka 1954. Hiyo si riwaya ya wakati wa vita. Vita viliisha 1945.

Chumvi: Viliisha kwa nani? Familia ya Kabuo ilipoteza shamba ikiwa kambini. Anarudi na sare yake, shamba lina mtu mwingine.

Kalamu_Kavu: Kwa hesabu hiyo hata Darktown cha Thomas Mullen kitaingia. Ni Atlanta, 1948: polisi wanane wa kwanza weusi, hawaruhusiwi kumkamata mzungu. Kizuri sana, ila si vita.

JaladaGumu: Na mwaka huo huo, Julai, ndipo Rais Truman alipotoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini. Ndiyo maana kile cha Benn kinauma. Billy na Tree Jackson wanajuana tangu Boston, leo wako jeshi moja nchini Uingereza, lakini Tree yuko kwenye kikosi cha weusi. Askari mwenzake wa kikosini amekamatwa kwa mauaji, na anahitaji mzungu wa kumsikiliza. Wasomaji wengine hudhani Waingereza wa humo wamepambwa. Someni habari za Bamber Bridge, kijiji cha Uingereza, Juni 1943: wanakijiji walikunywa na askari weusi bila tatizo, na walioanza kufyatuliana risasi walikuwa Wamarekani wenyewe.

Mzee wa Kurasa: Lakini Benn ana mizaha mingi kwa jambo zito hivyo.

JaladaGumu: Mizaha ndiyo iliyonifikisha mwisho. Tofali lako niliishia nusu.

MsomajiUsiku: Nilisahau kusema: ni cha kikundi. Tuko sita, nakala moja, kila mtu anakaa nacho wiki moja. Na wawili hawapendi habari za mahakamani.

JaladaGumu: Si niliuliza mwanzoni kabisa?

BintiMaktaba: Basi Hart's War hakipo tena mezani.

Mzee wa Kurasa: Wapeni wiki mbili mbili. Na hao wawili waanze wao.

Chumvi: Nakala moja, watu sita? Kusanya penseli zote kwanza.

Kalamu_Kavu: 1954 bado si vita.