Kaka kapandikizwa figo, sasa ana kirusi cha BK: ni sawa kupunguziwa dawa?

Binti_Mpwapwa:
Wakuu, shikamooni wakubwa. Kaka yangu alipandikizwa figo mwaka jana, tunaishi naye Nkuhungu. Kliniki wamekuta kirusi cha BK kwenye damu, na kipimo cha marudio kimeonyesha kinaongezeka. Nilitegemea apewe dawa ya kukiua, kumbe daktari kampunguzia mycophenolate, moja ya dawa zake za kushusha kinga. Mama anaogopa figo itakataliwa. Baba mdogo anataka aache vidonge vyote, kaleta mizizi ya kuongeza kinga kutoka Kondoa. Kirusi kinakaaje mwilini muda wote huu bila hata homa?

Mtu_wa_Maabara:
Pole sana dada. BK wengi wetu tunaipata utotoni bila kujua, kisha inajificha kwenye figo maisha yote. Askari wanaoilinda isitoke ni chembe T za kinga. Sasa tacrolimus na mycophenolate kazi yake ni kuzilegeza chembe hizohizo zisiishambulie figo mpya, na hazichagui: kirusi nacho kinapata nafasi. Kinazaliana kwenye vijifereji vya figo kimyakimya, maana homa nyingi huletwa na kinga yenyewe ikipigana. Dawa maalumu iliyothibitika kuua BK haipo. Kupunguza dozi kwa kipimo ndiyo tiba yenyewe, ili kinga iamke kiasi cha kukibana tu.

Binti_Mpwapwa:
Asante kaka. Kwa hiyo tukiwa naye nyumbani anaweza kutuambukiza?

Mtu_wa_Maabara:
Wengi wenu mnayo tayari, na kinga yenu inaibana. Msimtenge.

Mama_Figo:
Mwanangu, mimi pia nina figo ya kupandikizwa. Chukua mfano wa kirusi kingine: hepatitisi E mtu mwenye kinga nzima kwa kawaida humtoka ndani ya wiki chache, sisi inaweza kugoma miezi na kulitia ini makovu. Kwa hiyo msidharau kirusi, ila vidonge asiache hata siku moja bila daktari, figo itakataliwa kweli. Baba mdogo mwambieni kwa heshima: mizizi inaweza kuvuruga kiwango cha tacrolimus kwenye damu, na kinga ikiamshwa ovyo itaigeukia figo. Ulizeni kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, imefika ngapi, na wingi wa kirusi unashuka au unapanda.

Mtu_wa_Maabara:
Nyongeza: siku ya kupima tacrolimus asimeze dozi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu. Aibebe, aimeze akishatolewa.