Mabaharia 50 wa Port Chicago: uasi uko wapi?

Wadau, kila kesi ya Port Chicago inapotajwa hakosi mtu wa kusema kwamba vitani amri ni amri, aliyekataa ni muasi, na Jeshi la Majini la Marekani halikupaswa kuwafutia hatia mabaharia wale mwaka 2024. Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini.

Usiku wa 17 Julai 1944, katika bandari ya jeshi ya Port Chicago, California, meli E. A. Bryan ililipuka ikiwa gatini inapakiwa mabomu ya vita vya Pasifiki. Walikufa watu 320, na 202 kati yao walikuwa Wamarekani weusi. Waliandikishwa kama mabaharia lakini wakafanywa makuli: walipakia mabomu usiku na mchana bila kufundishwa namna ya kuyashika, huku maofisa wao wazungu wakiwekeana dau kikosi cha nani kitapakia tani nyingi zaidi. Dau, juu ya mabomu!

Baada ya mlipuko maofisa wakapewa likizo. Weusi walionusurika, ambao baadhi yao waliokota viungo vya wenzao, wakanyimwa. Wiki tatu baadaye, kwenye kambi ya jeshi la majini ya Mare Island, California, wakaamriwa kupakia tena. Wanaume 258 wakagoma.

Hapa ndipo penye ubishi. Uasi wa kijeshi ni njama ya kupora au kupindua mamlaka ya wakubwa. Hawa hawakumgusa ofisa yeyote wala kushika silaha, na wengi walisema watatii amri nyingine yoyote isipokuwa hiyo. Admirali Carleton Wright akawatishia kifo, wengi wakakubali kurudi kazini. Mwishowe 50 wakashtakiwa kwa uasi, wote katika kesi moja, mmoja wao akiwa na mkono uliovunjika, na wote wakatiwa hatiani. Walihukumiwa miaka 15, ingawa wengi walipunguziwa baadaye. Thurgood Marshall, mwanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, aliifuatilia kesi hiyo na kuipigania rufaa.

Najua hoja ya upande wa pili: kila baharia akichagua amri ya kutii, vita vitapiganwaje? Ni hoja nzito, siidharau. Ila kosa hilo lina jina lake, kukaidi amri, na ndilo walilohukumiwa wenzao 208, wakakatwa mshahara wa miezi mitatu. Kwamba wale 50 walishikilia msimamo, au walidaiwa kuushikilia, kunageuzaje mgomo kuwa njama?

Mwaka 2024 Waziri wa Jeshi la Majini, Carlos Del Toro, aliwasafisha wale 50 kwa sababu kesi iliendeshwa kwa dosari: walishtakiwa pamoja ilhali maslahi yao yaligongana, na hawakupata utetezi wa maana. Nashukuru kwa hatua hiyo, ingawa nilitaka zaidi. Kusema kesi iliendeshwa vibaya si sawa na kutamka kwamba hapakuwa na uasi, na hilo la pili ndilo walilostahili kusikia wakiwa hai.

Anayeshikilia kwamba walikuwa waasi, naomba anioneshe njama ilipangwa lini na ilikusudia kumpindua nani.