Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: 5600G, i3-12100F au mashine ya ofisi?

KijanaWaTudor
Salaam jamaa. Nataka kujiundia kompyuta ya gemu mwezi huu hapa Mombasa na zimebaki njia tatu. Ya kwanza, prosesa ya Ryzen 5 5600G yenye grafiki ndani yake, bila kadi ya grafiki, kadi nitatia baadaye. Ya pili, prosesa ya Core i3-12100F na kadi ya mtumba. Ya tatu, mashine ya ofisi ya ex-UK, Dell OptiPlex nyembamba yenye prosesa ya i5-7500, niipachike kadi ndogo. Ipi afadhali? Kuagiza Nairobi si taabu.

MzeeWati
Umetaja yote isipokuwa yanayotakiwa. Bajeti ngapi? Gemu gani? Skrini unayo, na ni 1080p ama zaidi? Na umeme wako wapita kwenye UPS (betri ya akiba) au moja kwa moja kutoka ukutani?

Binti_Likoni
Wakati twamngoja ajibu: njia ya tatu ifute. Kasha jembamba lapokea kadi ya nusu kimo tu. Pawa saplai ni ya umbo la Dell wenyewe, ATX ya kawaida haiingii, na haina waya wa kulisha kadi. Kwa hivyo utaishia GTX 1650 fupi inayokula wati 75 za sloti, basi. Hiyo i5-7500 ina kori nne na nyuzi nne. Gemu za sasa huzijaza zote, picha ikawa yakwama kila unapogeuka ilhali kadi imekaa bure.

Kapteni_Kisauni
Yakhe, mwamtisha kijana. Gemu ya CS2 (Counter-Strike 2) kwa mipangilio ya chini hapo yachezeka.

Binti_Likoni
Yachezeka, lakini kwenye Windows gani? Windows 10 iliachwa na Microsoft 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haimo rasmi kwa i5 ya kizazi cha saba. Akitaka gemu ya Valorant juu ya Windows 11 ataulizwa TPM 2.0 na Secure Boot, kinga za usalama za mashine. Atakesha ndani ya BIOS, programu ya bodi inayoamsha mashine.

FundiMajengo
Mimi naongeza njia ya nne: Ryzen 5 5600 isiyo na G, pamoja na kadi ya RX 6600. G ina kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya MB 16, isiyo na G ina 32, na gemu hulisikia hilo. Tena G yaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya kuunganisha kadi. Ukishikilia G, RAM iwe vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, maana grafiki yake yakopa RAM ile ile. Kijiti kimoja ni nusu ya njia, na fremu hushuka vibaya. Tia kwenye sloti ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa, kisha uwashe XMP kwenye BIOS. Usipoiwasha, kijiti cha kasi ya 3200 chatembea 2133 au 2400, nawe utalaumu kadi.
Madabodi (bodi kuu) ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu huenda ikawa na BIOS ya zamani na isiitambue 5600: feni zazunguka, skrini nyeusi. Muulize muuzaji toleo la BIOS kabla hujalipa.

Kapteni_Kisauni
i3-12100F ina kori nne lakini nyuzi nane, na kila kori ina kasi. Bodi ya H610 yatosha, na kesho waweza kutia i5-12400F bila kubadilisha bodi. Tahadhari moja: H610 zipo za DDR4 na za DDR5, majina yakaribiana. Na kadi usiguse RX 6500 XT. GB 4 tu, njia nne tu za PCIe. Ukiiweka kwenye bodi ya PCIe 3.0 yanyongeka.

FundiMajengo
Hapo twakubaliana. RX 580 za mtumba nazo uangalie: ipo ya 2048SP (viini 2048 vya grafiki), ambayo ndani ni kama RX 570. RX 580 kamili ina viini 2304. Fungua programu ya GPU-Z palepale dukani uone idadi hiyo, kisha FurMark ya kuitesa kadi dakika kumi na tano. Angalia na skrubu za kadi: zikiwa na kutu, hiyo imekaa upepo wa bahari.

MzeeWati
Mwabishana prosesa, na kinachoua mashine mji huu ni pawa saplai. Ililetwa mezani moja yenye RX 580, kibandiko chasema wati 600. Kila gemu nzito ikifika dakika chache, inazima pu! Mwenyewe alishabadilisha RAM, akasafisha kadi, akapiga Windows upya mara mbili. Kugeuza pawa saplai na kusoma jedwali: +12V, ampea 18. Zidisha kwa volti 12, ni wati 216. Kadi yataka 185 na prosesa 65, hesabu haiingii. Kabla hajanunua nyingine, stima ikapotea usiku na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ikafa ikaondoka na madabodi. Kadi ilipona kwa bahati.
Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huandika ampea kama 45 kwenye 12V. Soma jedwali, usisome kibandiko. Ikiwa nyepesi kama boksi la viatu, irudishe.

Kapteni_Kisauni
Si aweke stabilaiza tu?

Binti_Likoni
Stabilaiza yalainisha volti. Stima ikikatika mashine yazima vilevile, na SSD ikiwa katikati ya kuandika faili laharibika.

MzeeWati
UPS basi, ila zile rahisi hutoa wimbi la umeme la kuiga, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai (saketi ya kurekebisha umeme) hulikataa: umeme ukihamia betri, mashine yazima papo hapo. Jaribu kwa kuchomoa plagi ukiwa ndani ya gemu.

KijanaWaTudor
Samahani nilikuwa kazini. Bajeti ni Sh 65,000 skrini ikiwemo, 1080p. Gemu ni GTA V, CS2 na eFootball. UPS sina. Chumba kiko ghorofa ya nne, dirisha laelekea maji.

FundiMajengo
Skrini ikiwemo? Basi RX 6600 mpya isahau, tafuta ya mtumba au GTX 1660 Super. Na meza isikae dirishani. Chumvi hufanya unga mweupe kwenye mapezi ya alumini na kutu kwenye pini. Feni mbili za kuingiza hewa zenye chujio, moja ya kutoa, ili vumbi lisivutwe kwenye nyufa.

KijanaWaTudor
Kasha nimeshalipia amana, lile la kioo mbele na taa za rangi.

FundiMajengo
Kioo kitupu, au pembeni pana matundu? Tupia picha.