Miswada ya rejista ya makosa ya ngono Texas: mnaifuatiliaje bila kukimbizana na uvumi?

Mdogo_Mtu
Wakuu, habari za humu. Kaka yangu yuko kwenye rejista ya wahalifu wa makosa ya ngono hapa Texas. Alikiri kosa, akatumikia kifungo, na sasa kila mwaka anakwenda kuhakiki anwani, kazi na gari. Simtetei kwa alichofanya. Shida yangu ni kwamba bunge likikaribia kukaa Austin, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za skrini. Huyu anasema wote watafukuzwa kwenye nyumba zao, yule anasema wote watafutwa kwenye rejista. Mama naye halali, ananipigia usiku wa manane. Nikiingia mtandaoni naona vichwa vya habari tu, muswada wenyewe umefika wapi sioni. Kuna anayefuatilia haya kwa utaratibu? Kiingereza changu cha sheria ni cha kuungaunga.

Mke_wa_Mtu
Pole mdogo wangu. Mume wangu yuko kwenye daftari hilohilo, kwa hiyo hii kazi naijua.

Mtulize mama kwa kalenda kwanza. Bunge la Texas hukaa miaka ya witiri tu, siku 140, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Miswada huanza kupokelewa Novemba, baada ya uchaguzi, na ikifika siku ya 60 ya kikao mlango unafungwa kwa mingi. Akitumiwa picha katikati ya mwaka shufwa inayosema "imepita jana", afute. Labda gavana awe ameita kikao maalumu, na hapo ajenda anaipanga yeye.

Pili, achana na kutafuta kwa neno "ngono". Utaletewa mitaala ya shule, vitabu vya maktaba, kila kitu. Rejista yetu iko Sura ya 62 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Texas. Tafuta hiyo sura ndani ya maandishi ya miswada. Tovuti ya bunge, Texas Legislature Online, ni bure. Unafungua akaunti, unaweka namba ya muswada, wanakutumia barua pepe kila unapohama hatua. Ukiwa na ndugu jimbo jingine, LegiScan inakusanya majimbo yote.

Ukiufungua muswada usitishwe na urefu. Maneno yaliyopigiwa mstari chini ndiyo mapya. Yaliyo ndani ya mabano na kukatwa yanaondolewa. Mengine yote ni sheria iliyopo, na hapo ndipo wasambaza picha wanapotuchanganya: wanakata kipande cha sheria ya zamani wanakiita kipya.

Kisha nenda mwisho kabisa. Mimi huanzia huko, kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Vifungu vya mwisho vinasema sheria inaanza lini, mara nyingi Septemba 1, na inamgusa nani. Kuna miswada inayosema mabadiliko ni kwa kosa litakalotendwa baada ya tarehe hiyo tu; huo kaka yako haumhusu. Mingine inasema ni kwa kila anayetakiwa kujisajili, bila kujali kosa lilitendwa lini. Huo ndio wa kukaa nao macho. Wanaweza kurudi nyuma hivyo kwa sababu mwaka 2003, kwenye kesi ya Smith v. Doe iliyotoka Alaska, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema rejista ni utaratibu wa kiraia, si adhabu.

Na angalia unasoma toleo gani. Kamati inaweza kuuandika upya wote, namba ikabaki ileile.

Baba_Mitchi
Dada kasema kweli, ila bunge si mlango pekee. Sisi Michigan mahakama ndiyo iliyolisukuma. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema masharti yaliyoongezwa huku yalikuwa adhabu, hayawezi kubebeshwa watu wa zamani. Bunge likavutana hadi sheria mpya ikaanza Machi 2021. Aliyekuwa anafuatilia miswada peke yake aliambulia nusu ya habari.

Neema_Utetezi
Mimi nafanya kazi na waliofanyiwa ukatili, kwa hiyo niko upande mwingine wa meza, na natumia njia hiyohiyo ya Sura ya 62. Kijana, mwambie mama yako miswada mingi inafia kwenye kamati bila hata kusikilizwa. Mwenyekiti asipoipangia siku, imekwisha. Wanaoumizwa na uvumi si familia zenu tu. Nina mama aliyeambiwa aliyemdhuru mwanawe anafutwa kesho, hakula siku nzima. Muswada wenyewe ulikuwa haujasomwa hata kamatini.

Mdogo_Mtu
Da Neema, asante, hilo sikuwahi kulifikiria. Dada Mke_wa_Mtu, kamati zipi niziweke kwenye taarifa? Na kaka anaruhusiwa kwenda kusema mwenyewe?

Mke_wa_Mtu
Weka ya sheria ya jinai ya Baraza la Wawakilishi na ile ya haki ya jinai ya Seneti. Mingi inapitia hapo.

Kusema, anaruhusiwa kama mwananchi mwingine. Anajiandikisha siku ya kikao pale Capitol, jengo la bunge, anachagua anaunga mkono, anapinga au anatoa maoni tu, halafu anapewa dakika chache. Baraza lina pia fomu ya maoni mtandaoni kwa wakazi wa Texas. Ila kama bado yuko chini ya parole, yaani kifungo cha nje, amuulize ofisa wake kabla ya kusafiri. Na ajue vikao vinarekodiwa, jina lake litabaki mtandaoni. Mume wangu alikataa, nikaenda mimi.

Jambo moja nilisahau: masharti ya umbali kutoka shule na viwanja vya watoto mara nyingi ni ya mji, si ya jimbo. Hayo Austin hutayaona. Fungua ajenda ya baraza la mji wenu.

Mdogo_Mtu
Kumbe! Mji wetu una kikao Jumanne ijayo. Naingia kwenye ajenda sasa hivi.