Eneo lililo chini ya mhimili wa wakati: tunalijumlisha au tunalitoa?

Swali
Habari zenu ndugu. Mpira umerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na tumeambiwa mvutano wa dunia unaipunguza kasi hiyo kwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde. Nimechora grafu ya kasi dhidi ya wakati kwa sekunde 3 za mwanzo, nikajumlisha maeneo ya pembetatu mbili, nikapata mita 25. Mwenzangu ametumia fomula akapata mita 15. Nani yuko sahihi?

Jibu la kwanza
Nyote mko sahihi, ila kila mmoja amejibu swali lake. Mstari wako unaanzia 20, unakata mhimili wa wakati kwenye sekunde ya 2, kisha unafika −10 kwenye sekunde ya 3. Pembetatu ya juu ina eneo la 20, nazo ni mita ambazo mpira umepanda. Ya chini ina eneo la 5, nazo ni mita ambazo umeshuka. Ukitaka umbali, yaani njia yote iliyopitiwa bila kujali imeelekea wapi, unajumlisha na kupata 25. Ukitaka mhamo, yaani mpira uko mbali kiasi gani na upande gani kutoka ulipoanzia, eneo la chini linahesabiwa kuwa hasi, hivyo 20 − 5 = 15. Fomula ya mwenzako inatoa mhamo.

Jibu la pili
Naongezea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowaponza wengi kwenye mtihani. Mstari huo unateremka tangu mwanzo, na anayeutazama haraka hudhani ndio mpira unaoshuka, ilhali kwa sekunde 2 nzima mpira bado unapanda na kinachopungua ni kasi yake tu. Hugeuka pale mstari unapokata mhimili. Tena usihesabu miraba ya karatasi kana kwamba kila mmoja ni mita moja: mraba wenye upana wa nusu sekunde na kimo cha mita 5 kwa sekunde ni mita 2.5.

Aliyeuliza
Nashukuru sana. Na kama ungerushwa ukingoni mwa genge, ukaendelea kushuka hadi sekunde ya 5?

Jibu la kwanza
Kasi ingefika −30, na pembetatu ya chini ingekuwa na eneo la ½ × 3 × 30 = 45. Umbali ungekuwa mita 65, na mhamo 20 − 45 = −25, maana yake mpira uko mita 25 chini ya mkono uliourusha.