Mjadala: Umeme Pemba tunao, je moshi umepungua?

Juzi barazani Chake Chake ndugu mmoja alisema miradi ya nishati safi haipunguzi hewa ya ukaa katika nchi kama zetu: umeme ukifika watu wananunua friji na feni, matumizi yanapanda, basi. Mwengine akamjibu kuwa kila sola inayofungwa ni moshi uliopungua. Mie sikubaliani na yeyote kati yao, na naomba tuliangalie kwa mfano wa Pemba yetu.

Mpaka katikati ya 2010 umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli pale Wesha. Juni mwaka ule ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, wenye uwezo wa megawati 20. Umeme wa Bara wakati ule ulitegemea zaidi gesi na maji. Tangu 2024 Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limeanza kuuongezea nguvu. Hapa ndugu yangu wa kwanza amekosea. Dizeli ilizimwa, kikaja chenye moshi mdogo zaidi, na friji zetu hazijairudisha. Koroboi nazo zimepungua mno, hata vijiji ambavyo nguzo hazijafika vinawasha sola.

Lakini hebu tuingie jikoni.

Nyumbani kwetu umeme una zaidi ya miaka kumi. Taa, feni na televisheni zote zinautumia, na seredani, jiko letu la makaa, iko palepale uani. Bi mkubwa hateleki maharage kwa umeme. Anaona yuniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zinavyokimbia, na makaa anaweza kununua kidogo kidogo kwa pesa aliyonayo siku hiyo. Simlaumu hata kidogo.

Na makaa si jambo dogo. Mti ukikatwa ukaachwa uchipue, hewa ya ukaa iliyotoka hurudi mtini. Pakibaki kipara, hairudi. Tanuri la udongo nalo linapoteza sehemu kubwa ya kuni kabla chungu hakijaona moto, na moshi wake una methani. Mikoko inayokatwa kwa makaa ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tope lake limehifadhi ukaa wa miaka mamia. Ukiifyeka unaufungulia mlango, na bahari ya chumvi inapata njia ya kuingia mashambani kwa mpunga.

Ndugu wa pili naye asifikiri majiko banifu, yale yanayotumia makaa au kuni kidogo, yamemaliza kazi. Jirani yangu alipewa moja na mradi fulani, likapasuka baada ya miezi michache, na hakuna aliyerudi kuuliza. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza miradi ya majiko katika nchi mbalimbali inayouza hati za ukaa, yaani vyeti vya kuonyesha kiasi cha hewa ya ukaa kilichopunguzwa. Walikuta hati zilizotolewa zinazidi upungufu halisi karibu mara 9. Sababu mojawapo ni kuwa majiko yaliyogawiwa yalihesabiwa kutumika zaidi ya ukweli, na majiko ya zamani kuachwa zaidi ya ilivyokuwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mradi upimwe kwa kile kilichoacha kuchomwa. Pemba umeme umeiondoa dizeli, makaa haujayagusa, na hautayagusa mpaka bei ya kupikia iwe nafuu kwa mama mwenye pesa ya leo tu.

Wenzangu wa Wete, Micheweni, Mkoani, na nyinyi wa Unguja: polo moja la makaa linakaa siku ngapi kwenu sasa, na kabla ya umeme lilikuwa linakaa ngapi? Aliyekwishahamia jiko la umeme au gesi moja kwa moja atuambie kilichomhamisha.