Tupeane uzoefu: ndege wa bustanini wanaodonoa changarawe, plasta na maganda ya mayai

Wadau, shomoro na njiwa wa bustanini kwangu wana jambo. Nafaka ipo, lakini wanaanzia kwenye kijia cha changarawe: chembe hii wanaitema, ile wanaimeza. Hilo naelewa, ndege hana meno, mbegu zinasagwa ndani ya firigisi kwa msaada wa vijiwe. Anayenishangaza ni yule anayedonoa plasta ya ukuta. Kwenu mmeona nini?

Mfuga Njiwa: Pasua firigisi ya njiwa uone vijiwe vilivyosuguana hadi vikapoteza makali. Njiwa humeza mbegu nzima nzima, hivyo vijiwe anavihitaji kuliko ndege anayebangua kwanza. Kama umewafungia bandani, wawekee kisahani cha changarawe, maana hawana pa kuokota. Jiwe gumu hukaa tumboni muda mrefu. La chokaa huyeyushwa na asidi.

Mama Vifaranga: Na huko kuyeyuka ndiko anakokutaka huyo wa plasta! Dau langu ni jike anayetaga. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti kwa takriban 95%, na mbegu na wadudu wengi wana kalsiamu kidogo mno. Ndege mdogo hana akiba ya kutosha mifupani, kwa hiyo huitafuta siku zilezile za kutaga: konokono, chokaa, chochote. Mimi huwawekea maganda ya mayai ya kuku, nayaoka kwanza kuua bakteria wa salmonela, kisha nayaponda. Msimu wa viota wanayagombania, ukipita, hawayatazami.

Msomaji Kimya: Mama Vifaranga yuko sahihi kabisa. Uholanzi, miaka ya 1990, watafiti walifuatilia Parus major, ndege mdogo wa misituni. Mvua ya asidi ilikuwa imeharibu udongo, konokono wakaadimika, na majike wakawa wanataga mayai yenye ganda jembamba au lenye vitundu vidogo vingi. Wengine waliatamia viota vitupu! Walipowekewa makombe ya konokono na maganda ya mayai ya kuku, mayai yakawa na afya.

Kidole Kijani: Na chumvi je? Niwawekee?

Mfuga Njiwa: Hapana mkuu. Ni kweli ndege wanaokula mbegu huitamani kwa kuwa mimea ina sodiamu kidogo, madini yaliyomo kwenye chumvi, na kasuku wa Amazoni hula hadi udongo wa kingo za mito. Lakini ikizidi kidogo tu, ndege mdogo hufa.

Msomaji Kimya: Kuna hatari nyingine. Palipowindwa, ndege huokota vipande vya risasi akidhani ni vijiwe. Firigisi inavisaga kama inavyosaga kokoto, sumu ya madini ya risasi inaingia kwenye damu.

Kidole Kijani: Wangu wengi ni wanyonya nekta, kisahani hata hawakigusi.

Mama Vifaranga: Wasage nini sasa? Wape maua.